Mhakiki au mkaguzi? Sauti ya ndani ya mtunzi na utunzi wa kila siku katika Fizi na Baraka

1.0 Utangulizi

Nasaha wanazopewa watunzi chipukizi wa hadithi ni nyingi, lakini kuna moja ambayo siku hizi imezishinda nyingine kwa kuenea: mnyamazishe mhakiki aliyemo ndani yako, uandike kila siku bila kujihukumu, nawe utaionja raha ya kutunga. Wanafunzi wetu wa Baraka nao wameipokea, ama kwa kuisoma katika simu zao, ama kwa kuisikia kwa mwenzao aliyeisoma. Wanaitaja kwa imani kubwa, kisha wanakaa mbele ya ukurasa mtupu kama walivyokaa kabla ya kuisikia. Makala haya yanakusudia kuichunguza nasaha hiyo kama tunavyochunguza kauli yoyote ya kihakiki, yaani kwa kuuliza ilisemwa na nani, ilimlenga nani, na inageuka kuwa kitu gani inapotua katika teritori ya Fizi, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika.

Dai letu ni kwamba sauti inayomzuia mtunzi wa Fizi asiandike si ya mhakiki hata kidogo. Neno hakiki limetokana na mzizi ule ule uliotupa hakika na haki. Kuhakiki ni kulithibitisha jambo lililokwisha kuwapo, kulipima hadi ukweli wake ujulikane. Mhakiki basi hana kazi mpaka pawe na kazi ya kuhakikiwa. Yule anayesimama kabla ya kazi kuwapo, akadai kuona vibali, anaitwa kwa jina jingine katika Kiswahili. Anaitwa mkaguzi. Kuwachanganya hawa wawili kumetuletea hasara mbili: tunamfukuza mhakiki ambaye tunamhitaji, na tunamwacha mkaguzi ameketi.

2.0 Nasaha ilikotoka

Nasaha hii ina umri mkubwa kuliko inavyodhaniwa. Tarehe 1 Desemba 1788, mshairi wa Kijerumani Friedrich Schiller alimwandikia barua rafiki yake Körner, aliyekuwa akilalamika kwamba utunzi wake hauzai. Schiller alimjibu kwa sitiari ya lango: akili ya mtu kama wewe, alimweleza, husimama langoni ikizipekua fikra zikiwa bado zinaingia, ilhali ingefaa iziache ziingie kwa kundi, ndipo izitazame zote pamoja. Sigmund Freud aliichukua baadaye barua hiyo katika kitabu chake juu ya ufasiri wa ndoto, na kwa njia hiyo ikajulikana nje ya Ujerumani. Tazama kwamba Schiller hakusema akili ifukuzwe. Alisema imefika mapema mno.

Katika Marekani fikra hiyo iligeuzwa kuwa zoezi. Dorothea Brande, mwaka 1934, alimtaka mtunzi aamke nusu saa kabla ya desturi yake na kuandika kabla ya kusema na mtu au kusoma chochote. Peter Elbow, mwaka 1973, alipendekeza mtu aandike dakika kumi bila kuinua kalamu, bila kurudi nyuma, bila kujali tahajia. Mazoezi haya yote mawili ni mazuri, nasi tumeyatumia. Lakini yamejengwa juu ya jambo ambalo watungaji wake hawakulitaja kwa sababu kwao halikuwa na haja ya kutajwa: kwamba mkono utakapoanza kwenda, unajua unakwenda kwa lugha gani.

Baraka mkono haujui.

3.0 Mkaguzi wa Fizi na sare zake

Mtoto wa Fizi husikia Kibembe kwa nyanya yake, au Kibuyu, au Kibwari akiwa mtu wa rasi ya Ubwari. Sokoni husikia Kiswahili ambacho hakikufundishwa na mtu. Kanisani husomewa Biblia kwa Kiswahili kilicho mbali na kile cha sokoni. Shuleni, akisha kuvuka madarasa ya mwanzo, Kifaransa ndicho lugha ya kufundishiwa, na kalamu nyekundu huijua kwanza katika Kifaransa. Aidha, kuna Kiswahili cha nne au cha tano, tutakavyohesabu, nacho ni kile kilichorudi kwa meli. Vita vya mwaka 1996 na vya mwaka 1998 viliwavusha watu wengi wa Fizi hadi upande wa Kigoma, katika kambi kama Lugufu na Nyarugusu. Kuanzia mwaka 2005 wengi walirejeshwa kupitia bandari ya Baraka. Watoto waliokulia kule walirudi na matamshi, salamu na upatanisho wa ngeli ambao wenzao waliobaki hawakuwa nao. Baadhi yao walichekwa kwa kujifanya Watanzania. Wengine, na hili ndilo linalotuhusu, waliogeuka kuwa wasahihishaji wa mtaa.

Hapana budi pia kukumbuka namna Kiswahili sanifu kilivyopatikana. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilizihusu Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Kongo, iliyokuwa chini ya Wabelgiji, haikuwamo. Hata hivyo Kiswahili kilikuwa kimekwisha kufika Ubwari na Fizi katika karne ya 19 kwa misafara iliyovuka kutoka Ujiji, kabla ya kamati yoyote kukaa. Jina Kingwana, ambalo baadaye lilitumiwa kwa dharau kwa Kiswahili cha Kongo, limetokana na waungwana. Ni ajabu ya historia kwamba lugha iliyoitwa kwa jina la waungwana imeishia kuonewa haya na watu wanaoisema.

Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, na mwaka 2022 nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Haya ni mambo ya kufurahia. Lakini kwa mtunzi kijana yameongeza mkaguzi mwingine langoni. Zamani aliogopa kwamba Kiswahili chake si Kifaransa. Sasa anaogopa pia kwamba Kiswahili chake si Kiswahili.

Wanaisimu wanalo jina la hali hii. William Labov, katika utafiti wake wa mjini New York uliochapishwa mwaka 1966, alionyesha kwamba watu wenye wasiwasi mwingi juu ya usemi wao ndio wanaousahihisha kupita kiasi, wakaweka umbo la heshima hata mahali ambapo halitakiwi. Mfano wake hauko mbali nasi. Wasemaji wengi wa huku hudondosha sauti /h/: husema apa, abari. Mwanafunzi aliyekwisha kuonywa juu ya hilo huandika hakili na haina akimaanisha akili na aina. Kosa hilo halitokani na kutojua. Linatokana na kujua kwamba kuna mtu anakutazama.

Nitatoa ushahidi mmoja kwa urefu kidogo. Miaka kadhaa sasa ninawataka wanafunzi wangu waandike ukurasa mmoja wa hadithi kila siku, nami sikusanyi daftari ila mwisho wa mwezi. Mwanafunzi mmoja wa kike, aliyezaliwa kambini ng'ambo ya ziwa na kurudi akiwa mtoto, aliniletea daftari ambalo ukurasa wa kwanza ulikuwa na sentensi moja iliyoandikwa mara tano. Ameniruhusu niitumie bila kumtaja. Mara ya kwanza aliandika: Mama iko naanika ndakala wakati tulisikia masasi. Mara ya pili masasi limefutwa, limekuwa risasi. Mara ya tatu iko naanika imekuwa alikuwa anaanika. Mara ya nne ndakala wamekuwa dagaa, na anaanika imekuwa akianika. Mara ya tano sentensi inasomeka: Mama alikuwa akianika dagaa wakati, na hapo imekatika. Alinieleza kwamba mtu aliwahi kumwambia kuwa wakati tulisikia si sahihi, ni tuliposikia, lakini hakuwa na hakika kama wakati ubaki au uondoke. Akaliacha daftari kwa siku 11.

Kila sahihisho alilolifanya ni sahihi kwa kanuni za sanifu. Mimi mwenyewe ningelifanya, na katika mitihani ninalifanya. Lakini msomaji aiangalie sentensi ya tano kwa jicho la mhakiki wa fasihi. Katika sentensi ya kwanza kuna mama, kuna samaki, kuna mlio wa silaha. Katika ya tano mlio haupo. Sarufi imefika karibu na ukamilifu na tukio limetoweka. Jambo alilolibeba tangu utotoni, lililomfanya aishike kalamu, limesimamishwa mpakani kwa kukosa kibali cha upatanisho.

Na hapa ndipo uzito wa suala hili ulipo kwetu. Mambo yaliyotokea Fizi tangu mwaka 1996, na Makobola mwishoni mwa mwaka 1998 ikiwa mojawapo, yamo katika ripoti. Ripoti hizo ni za lazima, na nyingi zimeandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza na watu waliokuja, wakauliza, wakaondoka. Hadithi ni kitu kingine. Ripoti itakuambia idadi ya waliokimbia. Haitakuambia kwamba samaki waliachwa juu ya mchanga na kwamba mtoto alijali samaki. Ikiwa anayeyajua haya anashindwa kuvuka neno wakati, basi kazi yetu sisi tunaofundisha lugha haina budi kuulizwa maswali. Nasema hivyo nikijihesabu. Katika mwaka wangu wa kwanza wa ualimu nilirudisha insha ya mwanafunzi mmoja ikiwa nyekundu kuliko buluu, nikaona nimefanya kazi yangu. Hakuandika tena kwa hiari, wala mimi sikuuliza kwa nini, kwa kuwa nilidhani amekosa kipaji.

4.0 Walioandika bila mkaguzi

Wapo waliopita njia hii kabla yetu. Mwaka 1965, katika mji ulioitwa wakati huo Elisabethville, leo Lubumbashi, chama cha watumishi wa zamani wa majumbani kilitoa historia ya mji wao iliyopigwa taipu, mkusanyaji wake akiwa André Yav, naye mtumishi. Waliipa jina la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville, ingawa si msamiati bali ni historia kama wao walivyoiona kutoka jikoni na uani. Kiswahili chake ni kile cha Katanga. Maneno yamegawanywa pasipo kanuni moja. Mahali pengine matatu yameshikana, mahali pengine moja limekatwa vipande. Johannes Fabian, aliyeichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri na ufafanuzi, alieleza kwamba matini hiyo haikusomeka mpaka iliposomwa kwa sauti na msemaji wa lugha hiyo, na hapo ikafunguka.

Mkaguzi angeirudisha kwa sababu ya jina lake tu. Lakini aliyeisoma anajua kwamba ina kitu ambacho vitabu vingi vilivyonyooka havina: ina wasomaji wake. Yav na wenzake waliandika kwa ajili ya watu waliofanya kazi zile zile na kwa watoto wa watu hao. Hawakuwa wakimkabidhi mtu mtihani. Kwa mtazamo wetu, hiki ndicho kiini cha suala lote, na ndicho wanachokikosa wanaosema mhakiki wa ndani anyamazishwe kwa nguvu ya nia. Sauti ya ndani ni sauti ya msomaji. Mtunzi hawezi kuandika pasipo kuwa na msomaji kichwani, hata akiamka alfajiri, hata akiandika dakika kumi bila kuinua kalamu. Anachoweza kufanya ni kumbadilisha msomaji huyo.

Mfano kinyume utatuthibitishia. Jan Blommaert, katika kitabu cha mwaka 2008, alichunguza maandishi ya Mkongo aliyemwita Julien, aliyeandika historia ya maisha yake kwa ajili ya mwajiri wake wa zamani huko Ubelgiji. Aliiandika mara tatu. Anayeyasoma maandishi hayo anamwona mtu aliyejitahidi kupita kiasi katika tarehe, vichwa vya habari na mpangilio, kwa sababu msomaji wake alikuwa mbali na juu. Bidii yake inastahili heshima. Lakini ni bidii ya mtu aliye mbele ya meza ya ofisi.

Kwa upande wa pwani, tunazo barua za Shaaban Robert za miaka 1931 hadi 1958 kwa ndugu yake Yusuf Ulenge, zilizochapishwa na TUKI mwaka 2002. Shaaban Robert tunayemsoma darasani ni bingwa wa sentensi iliyopigwa msasa. Katika barua tunamkuta karani wa serikali, mwenye jamaa, mwenye mahitaji ya fedha na wasiwasi wa vitabu, akimwandikia mtu asiyehitaji kuthibitishiwa chochote. Sisemi kwamba barua hizo ni bora kuliko riwaya zake. Ninasema kwamba mkono ulioandika riwaya haukupumzika kati ya riwaya na riwaya. Ulikuwa ukiandika, na msomaji wake alikuwa ndugu.

Masimulizi yetu ya jadi yalikwisha kulitatua jambo hili bila kulipa jina. Mwaka 1956, Candi Rureke, msimulizi wa Kinyanga kutoka kaskazini mwa Kivu, alimsimulia Daniel Biebuyck na wasaidizi wake utenzi wa Mwindo kwa muda wa siku 12. Utenzi huo ukachapishwa mwaka 1969 na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene. Kabla ya hapo Rureke hakuwahi kuusimulia wote mfululizo; desturi ilikuwa kusimulia sehemu leo na sehemu siku nyingine, mbele ya watu wanaoimba, kuitikia na kutunza. Msimulizi wa namna hiyo hana mkaguzi wa ndani kwa sababu wasikilizaji wake wako nje, mbele ya macho yake. Nao humsahihisha, tena bila huruma: watamwambia sungura hakupita njia hiyo, au wimbo huu haukai hapa. Hayo ni masahihisho ya hadithi. Sijapata kumsikia mtu akimkatiza bibi anayesimulia jioni ili kumrekebishia ngeli.

5.0 Barua kwa bibi

Baada ya kuyafikiri haya nilimwambia yule mwanafunzi aache kuandika hadithi. Nilimwuliza ni nani asiyekuwapo siku ile na ambaye angependa kujua. Akasema ni bibi yake, mzaa mama, aliyebaki kambini. Nikamwambia basi mwandikie.

Aliandika kurasa nne kwa jioni moja. Zilianza: Bibi, siku ile weye haukukuwako, nitakuelezea. Mama iko naanika ndakala. Sentensi ile iliyomshinda ilipita katika mstari wa pili kama mtu anavyopita kwake. Hakufuta neno, isipokuwa jina la jirani mmoja ambalo alilikumbuka vibaya. Kuna Kibembe humo katika matusi na katika majina ya pepo za ziwani, Kifaransa katika mambo ya askari na ya hospitali, na Kiswahili cha Kigoma kila anapomheshimu bibi. Ningalimpa kanuni ya kuchagua lugha moja, ningaliua ugawaji huo wa kazi, ambao una maana kuliko anavyojua yeye.

Zoezi la kila siku likaendelea kwa namna hiyo. Siku za mwanzo alikuwa akieleza yaliyotokea. Lakini katika barua ya tisa alitokea mvuvi mzee aliyekataa kukimbia kwa sababu ndakala wake walikuwa hawajakauka. Nilipomwuliza mvuvi huyo ni nani, alicheka akasema hayupo, amemtunga, kwa kuwa bibi hawezi kumjua. Nilimwuliza kama barua zinapelekwa. Ya kwanza ilipelekwa kwa mtu aliyekuwa akivuka. Hizo nyingine zilibaki katika daftari, zikaendelea kuanza na neno Bibi.

Naona hapo ndipo hadithi ya kubuni ilipozaliwa, na raha pamoja nayo. Raha ya kutunga si kule kuandika bila kujali. Ni raha ya kumdanganya kwa upendo mtu unayemjua, ukakadiria ataamini wapi, atashtuka wapi, atasema muongo wee wapi. Raha hiyo ina ukali ndani yake. Yule mwanafunzi alikuwa akijihukumu kila mstari, ila kwa kipimo kingine. Alitaka kujua kama bibi ataamini. Hakutaka kujua kama atafaulu.

Je, inafaa kuitaja raha pale ambapo maudhui ni vita? Mwenzangu mmoja aliniuliza hivyo, na kwa haki. Sina jibu la nadharia. Nilichokiona ni kwamba wanafunzi walioandika kwa huzuni na wajibu waliishia ukurasa wa tatu. Yule wa ndakala, aliyecheka juu ya mvuvi wake, ndiye aliyefika mahali pa risasi na kupita.

6.0 Pingamizi mbili na kurudi kwa mhakiki

Pingamizi la kwanza ni la vitendo, na tulipitie upesi. Kuandika kila siku kunahitaji taa, karatasi na mahali pa kulala pasipobadilika. Fizi haina hakika ya lolote katika hayo. Ni kweli. Ndiyo maana ninasema ukurasa mmoja na si kurasa tatu, na ndiyo maana daftari liwe dogo la kuingia mfukoni, kwani vitu vikubwa huachwa mtu anapokimbia.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo hutoka kwa wenzetu wanaokitetea Kiswahili sanifu. Wanasema: mkiwaruhusu kuandika iko naanika, mnawafungia nje ya wasomaji wa Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar, mnawaachia lahaja yao kama mtu anavyowaachia maskini umaskini wao. Hoja hii haipaswi kudharauliwa. Kiswahili sanifu ni mali yetu pia, na mtunzi wa Baraka anayekimiliki ana mlango ambao mwingine hana. Lakini hoja hiyo inahusu kitabu kinapotoka, wala haihusu jioni ya kwanza ya kuandika. Tena, fasihi ya Kiswahili yenyewe haijawa na usawa huo unaodaiwa. Shafi Adam Shafi, katika Kuli ya mwaka 1979, aliwaacha makuli wa bandari ya Zanzibar waseme kama makuli. Said Ahmed Mohamed ameleta katika riwaya zake maneno ya Pemba ambayo msomaji wa bara huyapata kwa muktadha, naye hajalalamika. Ikiwa msomaji huyo aliweza kuyajifunza hayo, ataweza kujifunza kwamba kisamvu huku kinaitwa sombe.

Kezilahabi naye atufundishe jambo. Mwenyeji huyo wa Ukerewe, kisiwa cha ziwa jingine, alipotoa Kichomi mwaka 1974, sehemu kubwa ya mjadala uliozuka haikuhusu alichokisema. Ilihusu kama mashairi yasiyo na vina na mizani yaitwe mashairi. Huo ulikuwa ukaguzi, na ulichukua miaka mingi. Yeye alitoa Karibu Ndani mwaka 1988, na Dhifa mwaka 2008. Uhakiki wa kweli wa mashairi yale, ule unaouliza yanaona nini na yanaficha nini, ulilazimika kusubiri zamu yake.

Kuhusu lugha ya usimulizi, tofauti na ile ya mazungumzo, sikubaliani na wenzangu wa pande zote mbili. Katika mazungumzo ya wahusika ninashikilia usemi wa mahali ubaki ulivyo. Katika usimulizi namwachia mtunzi, ila namtaka aweze kunieleza kwa nini. Yule mwanafunzi, alipozigeuza barua zake kuwa hadithi fupi, aliandika usimulizi kwa Kiswahili kinachokaribia sanifu, akaacha sentensi ya kwanza kama ilivyokuwa: Mama iko naanika ndakala. Nilimwuliza. Akasema wakati huo alikuwa mtoto, na mtoto ndivyo alivyoona. Sanifu aliijifunza baadaye, na katika hadithi inakuja baadaye, baada ya risasi. Sijaona jibu la kihakiki lililo bora kuliko hilo katika kazi za wanafunzi wetu.

Tuliisoma hadithi hiyo kwa sauti darasani mwisho wa muhula. Wasomaji walikuwa wakali. Mmoja alidai sehemu ya hospitali ni ndefu mno, ikafupishwa. Mwingine aliuliza mtoto alijuaje kwamba boti zimekwisha kuondoka ikiwa alikuwa amejificha nyuma ya nyumba, na swali hilo halikuweza kujibiwa, ukurasa mzima ukaandikwa upya. Kisha tukagombana karibu saa nzima juu ya yule mvuvi mzee, kama afe au asife. Walio wengi walitaka afe. Mtunzi alikataa, akasema ndakala wake bado hawajakauka. Neno ndakala lenyewe hakuna aliyeliuliza.